Mbio za kaiti na ahadi ya unafuu

Novemba 1984 ndugu wawili wa Brittany, Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliandikisha hataza ya kaiti yenye mirija ya kujazwa hewa. Sifa yake kubwa ni kwamba ikianguka baharini haizami, na mwenyewe huweza kuirusha tena akiwa majini. Ilianza kuuzwa kwa jina la Wipika mwaka 1997, na muda si mrefu matiara hayo makubwa ya kumvuta mtu juu ya maji yakaenea fukwe za dunia, hadi Paje, Zanzibar, na Diani, Kenya.

Agosti 2024 mchezo huo uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, katika maji ya Marseille. Ellie Aldridge wa Uingereza na Valentin Bontus wa Austria wakatwaa dhahabu. Sifa zilimiminika, nao walizistahili. Lakini kaiti moja ya mbio zile huzidi euro 2,000, na hakuna anayekwenda mashindanoni na kaiti moja. Ipo kubwa ya upepo hafifu, ipo ya wastani, ipo ndogo ya upepo mkali. Chini ya miguu kuna bodi na foili, bawa la kaboni linalozama majini na kuinua bodi juu ya mawimbi. Kijana wa Jambiani, Zanzibar, aliyejifunza kwa kaiti yenye viraka hana pa kuanzia.

Mambo hayakuanza hivyo. Mbio za kuzunguka maboya zilikulia San Francisco, ambako klabu ya St. Francis iliziandaa Alhamisi jioni kwa watu waliotoka kazini. Bodi bora zilichongwa kwa mikono na mafundi wachache, Mike's Lab ikiwa na jina kubwa miongoni mwao. Hapo likazuka swali ambalo halijaisha hadi leo: mwenye fundi wake ameshinda kwa ustadi au kwa bodi? Chama cha kimataifa cha mchezo huo, IKA, kilijibu kwa kanuni. Urefu wa bodi usizidi sentimita 190, upana usizidi 70, na bodi iwe imesajiliwa na inauzwa kwa yeyote anayetaka. Ndani ya mipaka hiyo, kila kampuni ibuni itakavyo.

Kanuni hiyo ndiyo iliyowagombanisha watu mwaka 2012. Machi mwaka huo shirikisho la mashua duniani, ISAF, lilifanya majaribio ya mbio za kaiti huko Santander, Hispania, na ripoti yake ikasema mchezo uko tayari kwa Olimpiki. Watetezi wake walitembea na hoja moja iliyowagusa wengi: huu ni mchezo wa bei nafuu. Vifaa vyote vinaingia kwenye begi, vinapanda ndege na mwenyewe, wala havihitaji kontena. Nchi maskini zitashiriki. Mei, mjini Stresa, Italia, baraza la ISAF likapiga kura: 19 dhidi ya 17. Mbao za tanga (windsurfing) zikatolewa Olimpiki ya Rio 2016, kaiti ikaingizwa mahali pake.

Waendesha mbao za tanga waliwaka. Ubao wao wa wakati huo, RS:X, ulitengenezwa na kampuni moja, Neil Pryde, na kila mshindani alipanda chombo kinachofanana na cha mwenzake. Watoto katika nchi nyingi walikuwa wameshaanza mazoezi, na wazazi wameshatoa fedha zao. Chombo cha aina moja kwa wote, walisema, ndio usawa, si huu wa kampuni kushindana kutoa toleo jipya. Walikusanya saini, wakazibana nchi wanachama, na Novemba, huko Dún Laoghaire, Ireland, mkutano mkuu ukaitengua kura ya Stresa. Mara hiyo kaiti ilikaa Olimpiki kwa miezi sita tu, tena kwenye karatasi. Waliokwisha kuacha tanga na kununua kaiti wakabaki nazo mikononi.

Mimi nasema waendesha tanga walikuwa na haki katika hoja yao ya usawa, na miaka iliyofuata iliwathibitisha. Foili zilipoingia, bodi zile za sentimita 70 zikawa hazina soko. Mtu wa foili alikwenda katika upepo wa fundo sita, mwenye bodi ya kawaida akisubiri ufukweni. Kisha zikaja kaiti za seli za kitambaa, zisizo na mirija, zinazopanda upepo vizuri zaidi na kugharimu zaidi. Kanuni iliruhusu yote. Mshiriki wa kawaida alilazimika kununua upya au kuacha.

Njia nyingine ilikuwapo, na ilishajaribiwa. Olimpiki ya Vijana ya Buenos Aires mwaka 2018 ilitumia bodi ya ncha mbili, ile ile ya shule za ufukweni, na kaiti ya mirija. Njia ya mbio ilikuwa fupi, ya kuteremka na upepo, kwa hiyo bodi ya ghali haikuwa na faida kubwa. Deury Corniel, kijana wa Cabarete katika Jamhuri ya Dominika, aligawana dhahabu na Toni Vodišek wa Slovenia. Vodišek huyo huyo alipata medali ya fedha Marseille, safari hii juu ya foili.

Kwetu upepo upo, kusi na kaskazi, na vijana wanaofundisha wageni kaiti mwaka mzima wapo. Nawaomba waandaaji wa mashindano ya Paje na Diani waandike kanuni kabla ya kutafuta wadhamini: bodi ya ncha mbili, kaiti ya mirija, zisizidi mbili kwa kila mshiriki, na toleo la miaka iliyopita likubalike sawa na jipya.