Kupatwa kwa Jua na Tarehe za Masimulizi: Karatu na Ngorongoro

Mwanahistoria akusanyaye masimulizi ya wazee wa Karatu na Ngorongoro aghalabu hufurahi akiambiwa kwamba jua lilipatwa zama za fulani, kwa kuwa tukio hilo lina tarehe isiyobishaniwa. Furaha hiyo yahitaji hadhari, na hadhari yenyewe huanzia katika lugha.

Kupatwa kwa jua hurudi kwa kanuni. Baada ya miezi miandamo 223, yaani miaka 18, siku 10 au 11 na saa 8 hivi, jua, mwezi na dunia hupangika tena kama awali. Lakini kwa saa hizo 8 dunia huwa imekwisha kujizungusha theluthi ya mzunguko wake, na kivuli huangukia mbali upande wa magharibi. Mara ya tatu, baada ya miaka 54 na mwezi mmoja, kivuli hurudi karibu na pande zile zile, ila kimesogea kaskazini au kusini.

Jamaa moja ya namna hiyo yatuhusu. Tarehe 29 Mei 1919 kivuli kilikatiza kusini mwa nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Ndiko kupatwa ambako Eddington alipimia mwanga wa nyota kisiwani Príncipe. Tarehe 30 Juni 1973 kilipita kaskazini mwa Kenya, penye ziwa Rudolf, ambalo sasa ni Turkana. Zamu ya 2 Agosti 2027 ni ya Misri na kaskazini mwa Somalia. Karatu na Ngorongoro zilibaki katikati: mwaka 1919 na 1973 jua lilimegwa tu. Kisha, tarehe 16 Februari 1980, jamaa nyingine ilipitisha kivuli chake Tanzania na Kenya.

Basi mzee wa Kiiraqw au wa Kidatoga akisema kwa Kiswahili, "jua lilipatwa," amesema kweli. Lakini ni lini? Kitenzi hicho hakitofautishi jua lililomegwa na lililofunikwa lote, wala umri wa msimulizi hautoshi kutenganisha 1973 na 1980. Swali lifaalo ni la saa: mwaka 1980 lilipatwa kabla ya adhuhuri, 1973 alasiri, 1919 jioni. Na jibu liandikwe kwanza katika lugha ya mzee mwenyewe, kabla Kiswahili chetu hakijalisawazisha. Mtafiti asipofanya hivyo, atachukua tarehe sahihi ya wanafalaki na kuipachika pasipo pake, na nasaba nzima ya watu itahamishwa kwa miaka 7, au hata 54.