Huduma Zinazogoma Seva Inapowaka

Huduma ya zamani kwenye seva ya Linux inapogoma kuwaka baada ya umeme kurudi, kisha ikaitika mara moja inapowashwa kwa mkono, hukumu ya haraka ni kwamba programu imechakaa. Hukumu hiyo si ya haki. Programu iliyokuwa ikifanya kazi mwaka 1998 haijapoteza hata herufi moja. Kilichobadilika ni utaratibu wa kuwaka unaoizunguka, na katika mabadiliko hayo yamepotea masharti ambayo huduma iliyategemea bila mtu yeyote kuyaandika. Kwa hiyo kuitengeneza ni kuyafufua masharti hayo na kuyaandika kwa mara ya kwanza. Anayekimbilia kubahatisha marekebisho kabla ya kujua historia hii huishia kurudia kazi ileile kila seva inapozimika.

Katika Unix ya miaka ya 1970, mfumo ulianzisha programu moja, init, yenye namba 1 kati ya zote zinazoendeshwa, nayo ikaendesha skripti ya /etc/rc, amri baada ya amri. System V ya kampuni ya AT&T, iliyotoka mwaka 1983, ilijulikana kwa mpangilio uliorithiwa baadaye na mifumo mingi ya Linux: ngazi za uendeshaji, na kwa kila ngazi folda kama /etc/rc2.d iliyojaa viungo vyenye majina ya kuanzia na S kwa kuwasha au K kwa kuzima, kisha tarakimu mbili. S10 ilitangulia, S99 ikafunga msafara, na kila mmoja alisubiri aliyemtangulia amalize. Kwenye skripti za Red Hat ungekuta mstari wa chkconfig wenye namba kama 2345 85 15, yaani ngazi, nafasi ya kuwaka na nafasi ya kuzimwa. Itazame vizuri hiyo 85. Inasema huduma ikae wapi, lakini haisemi kwa nini. Huenda ilihitaji hifadhidata iliyokuwa kwenye 64, huenda ilihitaji mtandao tu, na huenda aliyeiandika alinakili namba ya skripti nyingine. Sababu ilibaki kichwani mwa msimamizi, naye alipohama kazi aliondoka nayo. Juu ya hayo, mwendo wa polepole wenyewe ulikuwa kinga. Zamu ya S99 ilipofika, kwa kawaida diski zilikuwa zimeshaunganishwa na anwani ya mtandao imeshapatikana.

Mwendo huo ulianza kuachwa kabla ya systemd, kianzishi cha huduma cha mifumo mingi ya Linux ya leo, ingawa lawama zote hutupiwa hicho. Solaris 10 na launchd ya Apple zilibadili utaratibu mwaka 2005, na Ubuntu ikaleta Upstart mwaka 2006. Lennart Poettering alitangaza systemd, aliyoianzisha pamoja na Kay Sievers, mwaka 2010. Fedora 15 iliipokea mwaka 2011, Red Hat Enterprise Linux 7 mwaka 2014, Debian 8 na Ubuntu 15.04 mwaka 2015. Tangu hapo huduma huwashwa kwa pamoja, isipokuwa zile zilizotamka kwamba zinasubiri nyingine.

Chukua huduma iliyofungwa kwenye anwani moja ya IP. Ndani ya systemd kuna vituo viwili vyenye majina yanayokaribiana. network.target husema tu kwamba msimamizi wa mtandao ameshaanzishwa, bila kuahidi anwani yoyote. network-online.target ndiyo inayosubiri mtandao upatikane kweli. Huduma ikianza mapema hukosa anwani yake na kufa. Sekunde chache baadaye anwani inafika, na kufikia asubuhi kila kitu kingine kinaonekana kizima. Tiba ni mistari miwili, After= na Wants=, yote ikitaja network-online.target. Wa kwanza peke yake hautoshi, kwa sababu hupanga foleni tu, hauiti mtu aje kwenye foleni. Kisa cha pili kinatokana na /var/run. Zamani folda ya huduma ilitengenezwa humo siku programu ilipowekwa, ikakaa kwenye diski miaka yote. Kuanzia 2011 mifumo ya Linux ilianza kuihamishia /run, ambayo ipo kwenye kumbukumbu na huanza tupu kila seva inapowaka. Huduma inakosa pa kuandika namba yake ya uendeshaji (PID) na inajiondoa. Mstari wa RuntimeDirectory= unaitengeneza folda hiyo upya kila mara, tena chini ya mmiliki anayestahili.

Wapo wanaosema kwamba kilichokuwa kikifanya kazi kilivunjwa bila sababu, na kwamba skripti yoyote mtu aliweza kuifungua na kuisoma. Hoja hii ina uzito. Mwezi Februari 2014 kamati ya ufundi ya Debian iligawanyika sawasawa kuhusu kuipokea systemd, suala likaamuliwa kwa kura ya uamuzi ya mwenyekiti, na waliokataa wakaanzisha Devuan, mfumo usio na systemd. Lakini usomekaji wa skripti haukufika kwenye jambo lenye uzito zaidi: skripti ilieleza namna ya kuwasha, ikanyamaza kuhusu huduma inamtegemea nani.

Wengine huweka amri ya kusubiri, sleep 30, mwanzoni mwa skripti na kuendelea na safari. Inafanya kazi, hilo siwezi kulikana, kwa kuwa inarudisha ule mwendo wa polepole wa zamani. Ila sekunde 30 ni kubahatisha. Umeme ukikatika jengo zima, seva na swichi za mtandao huwaka wakati mmoja, na swichi ikichelewa kuliko seva, sleep imekwisha na anwani haijaja. Wala kuziacha skripti zilivyo si kimbilio la kudumu. Kwa miaka mingi systemd ilizitafsiri yenyewe ilipowaka, lakini toleo la 254, mwaka 2023, lilitangaza kwamba msaada huo ungeondolewa. Kabla hujaifuta skripti ya zamani, isome namba yake kama ushahidi: orodhesha huduma zote zilizoitangulia, uliza ipi inahitajika kweli, kisha iandike hiyo kwenye After= na Wants= pamoja na maelezo ya sababu.