Kawawa kabla ya siasa: filamu zilipoanza kusema Kiswahili

Wadau, mwaka 1937 huko Hollywood Leo McCarey alitoa The Awful Truth. Mume na mke wanashukiana, wanadai talaka, halafu kila mmoja anamvurugia mwenzake uchumba mpya mpaka wanarudiana. Kichekesho hicho kilimpa McCarey tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora.

Mwaka huo huo, hapa Tanganyika, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment ulifunga milango. Makao yake yalikuwa Vugiri, milima ya Usambara, upande wa Korogwe inakopita reli ya Tanga kuja kwetu Moshi. Ulianza 1935 kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani, chini ya Meja Notcutt na mwenzake Latham, ukatengeneza filamu 35. Sauti haikuwa kwenye mkanda. Ilirekodiwa kwenye santuri, ikachezwa sambamba na picha. Ukibadilisha santuri, watu wale wale wanasema Kiswahili, Kisukuma au Kiganda. Ujanja huo, au siyo?

Lakini walisema nini? Safura, kilimo, kodi, akiba ya posta. Nyingi zilikuwa za kutufundisha. Mapenzi na ugomvi wa ndani tuliachiwa tuyatazame kwa Wazungu na Wahindi.

Nikiwa hapa Moshi nauliza: visa vilikosekana? KNCU ilianzishwa 1933, fedha ya kahawa ikawa inaingia kwenye kihamba. Nani aishike, baba au mama? Nani kamficha nani? Hapo pana kichekesho cha saa nzima, bila hata kuondoka jikoni.

Kucheka kwa Kiswahili kulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwenye Muhogo Mchungu, kisa cha mshamba aliyeingia mjini. Mwigizaji wake? Rashidi Kawawa! Ndiyo, Simba wa Vita mwenyewe, Waziri Mkuu wa mwaka 1962. Kabla ya kuhutubia taifa, alilichekesha.

Kinachoniuma ni hiki: katika zile filamu 35 za Vugiri, zinazojulikana kubaki ni 3, nazo ziko Uingereza. Na mtoto aliyemtazama Kawawa kwenye shuka jeupe akiwa na miaka 10, leo amevuka 80. Kama yupo nyumbani kwenu, usingoje Krismasi. Mpigie leo, muulize walicheka wapi. Na umrekodi, maana santuri zetu zilizobaki ndio hao.