Mchoraji aliyekataa kusahau

Ukitoka Mbauda kuingia Sombetini utaona kuta zilizochorwa na mafundi wetu wa rangi. Hapa kichwa kilichonyolewa vizuri, pale gurudumu la gari, mbele kidogo kuku mzima kwenye sahani. Tunatazama, tunapita. Leo tumkumbuke fundi mmoja wa rangi wa huko Kongo, aliyezungumza Kiswahili kama sisi, ingawa chenye lafudhi ya kwao.

Aliitwa Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, katika nchi ya migodi ya shaba. Alichora juu ya nguo za magunia ya unga, akauza picha zake kwa watu wa kawaida, nao wakazitundika sebuleni. Ndiyo iliyokuwa riziki yake.

Lakini Tshibumba hakuchora maua tu. Alichora mfungwa amelazwa chini akichapwa kiboko, huku Mbelgiji amesimama akitazama. Alichora wafanyakazi wa kampuni ya Union Minière waliopigwa risasi Desemba 1941, kwa sababu waligoma wakidai mshahara. Alimchora Patrice Lumumba na wenzake, Mpolo na Okito, waliouawa karibu na mji huohuo tarehe 17 Januari, 1961. Nyuma ya maiti zao aliweka misalaba mitatu, na kila Mkristo aliyeitazama alielewa.

Tusisahau alichora wakati gani. Jeshi lililomkamata Lumumba Desemba 1960 lilikuwa la Mobutu. Mwaka 1966 Mobutu huyohuyo akamtangaza Lumumba shujaa wa taifa. Basi kumsifu marehemu kuliruhusiwa, lakini kuuliza nani alimkabidhi kwa wauaji lilikuwa jambo la hatari. Tshibumba alipita katika njia hiyo nyembamba akiwa na brashi mkononi.

Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu mjini humo, historia nzima ya nchi yake katika picha zipatazo 100. Walizungumza kwa Kiswahili, na mazungumzo hayo yakatolewa katika kitabu mwaka 1996. Tshibumba alijiita mwanahistoria, si mchoraji tu. Mwenyewe hakukiona kitabu hicho mkononi mwa watoto wa Lubumbashi, kwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitoweka, na habari zake zikakatika.

Nasi je? Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki na nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwashitaki wakubwa hao mbele ya Umoja wa Mataifa. Hayo yalitokea chini ya mlima tunaouona kila asubuhi. Lakini ingia katika maduka ya picha mjini Arusha: simba, twiga, machweo ya jua, Mmasai na mkuki wake. Mgeni hununua anachokitaka, na fundi lazima ale, simlaumu.

Ninachouliza ni hiki: sebuleni kwetu tumetundika nini? Tshibumba aliweza kuchora dhuluma kwa sababu walikuwapo majirani waliokubali kuinunua. Fundi wa Sombetini anayo rangi. Mnunuzi ni wewe.