Nchi Ambayo Soksi Zako Zinaweza Kukupeleka Kortini

Wasee, kuna nchi inaitwa Belarus ambapo mtu amewahi kupigwa faini kwa kuvaa soksi nyeupe na nyekundu. Sitanii. Soksi!

Hizo ni rangi za bendera yao ya zamani: mweupe, mwekundu, mweupe. Ilikuwa ya jamhuri iliyotangazwa 1918 na haikudumu hata mwaka, Wabolsheviki wakaingia. Chini ya Wasovieti ilikuwa haramu. 1991 nchi ikapata uhuru na bendera ikarudi kuwa ya taifa. Lukashenko mwenyewe, alipoapishwa 1994, aliapa nayo ikiwa pale.

Mwaka uliofuata akaitisha kura ya maoni, ikaondolewa. Iliyokuja inafanana na ile ya Kisovieti, bila nyundo na mundu. Afisa wake mmoja akapanda juu ya paa, akaishusha ile ya zamani, akairarua na kutia sahihi vipande. Kama zawadi za ukumbusho, jameni.

Kwangu hapo ndipo serikali ilijichoma. Bendera ikikaa kwa ofisi ya chifu, nani huiangalia? Ukiifukuza, inapata wenyewe. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2020, Lukashenko akidai kupata kura 80%, barabara za Minsk zilijaa nyeupe na nyekundu. Wengi waliobeba walikuwa hawajazaliwa 1995, ama walikuwa wanatambaa. Mbele yao kulikuwa na shosho wa miaka 73, Nina Baginskaya. Polisi walipomzuia akawaambia, "Ninatembea tu." Mji mzima ukaanza kusema hivyo.

Serikali nayo husema bendera hiyo ilibebwa na walioshirikiana na Wanazi wakati wa Vita vya Pili. Ni kweli, walibeba, na anayeipeperusha leo anafaa kujua. Lakini kama hiyo ndiyo sababu, mbona uliapa nayo?

Sisi Juni 2024 hatukuhitaji kutafuta bendera ya zamani. Tulijifunga mabegani ile ile iliyo juu ya Ikulu na kwa gari la waziri, na bado hakuna upande umeweza kuichukua ikawa yake pekee. Wabelarusi hawana bahati hiyo. Shosho Nina amenyang'anywa bendera mara nyingi hadi akazoea. Anaenda nyumbani, anashona ingine.