Uchafuzi wa Mwanga, au Kiwi cha Anga?

Panda juu ya paa la flati Ruiru usiku usio na mwezi, uweke kamera kwenye tripodi, uiache wazi kwa sekunde 15. Picha itakayotoka haitakuwa na weusi wa usiku. Itakuwa kijivu chenye umanjano, mfano wa moshi wa jikoni, na nyota zake ni za kuhesabika. Chini yako kuna taa za barabara kuu ya Thika, maduka, viwanda, na ile milingoti mirefu tunayoiita mulika mwizi. Mwanga unaopotelea juu hugonga vumbi, mvuke na hewa yenyewe, ukatawanyika na kuturudia machoni. Mwezi, Zuhura na Mshtarii huupenya bila shida. Nyota hafifu ndizo humezwa, pamoja na ule ukanda uitwao Njia Nyeupe.

Hali hiyo huitwa uchafuzi wa mwanga, na istilahi hiyo mimi siikubali. Tukisema uchafuzi wa hewa, kilichochafuka ni hewa. Tukisema uchafuzi wa maji, ni maji. Kwa kanuni hiyohiyo, uchafuzi wa mwanga ni mwanga uliotiwa uchafu, ilhali hapa mwanga ndio mchafuzi na kinachoharibika ni giza. Tena mwanga, katika Kiswahili, ni pia mchawi atembeaye usiku, kwa hiyo anayeisikia istilahi hii mara ya kwanza ana kila sababu ya kuuliza ni mwanga yupi.

Mwaka 2001 Mmarekani John Bortle alipanga ngazi 9 za kupimia anga la usiku, ya kwanza ikiwa giza totoro na ya tisa katikati ya jiji. Angalia anachokipima: giza. Kitabu cha fizikia basi kingeweza kuandika "uchafuzi wa anga kwa mwanga". Ni jina refu, lakini sarufi yake imenyooka.

Kwa mazungumzo tuna neno zuri zaidi, nalo ni kiwi. Dereva akikutana usiku na lori lililowasha taa kali, macho yake hufanya kiwi: mwanga upo tele, na kwa sababu hiyohiyo haoni. Ndivyo linavyopatwa jicho la Ruiru linapotazama juu. Napendekeza tuseme kiwi cha anga. Neno hilo linataja chanzo na madhara kwa pamoja, na halihitaji kufafanuliwa kwa mtoto.

Kiwi hiki si cha kwetu pekee. Ramani ya dunia iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba theluthi moja ya wanadamu hawaioni Njia Nyeupe wanakoishi. Na sidai taa zizimwe. Anayeshuka matatu usiku anazihitaji. Ila taa yenye kifuniko, iliyoelekezwa chini, huimulikia njia bila kulimulikia anga, na ile ya rangi ya manjano hutawanyika hewani kidogo kuliko nyeupe yenye ubuluu.

Ewe mwalimu wa Thika au Ruiru, ili kukipima kiwi hiki, katikati ya Januari, saa mbili na nusu usiku, watoe wanafunzi nje watazame juu, upande wa kaskazini. Hapo ndipo lilipo kundi la nyota liitwalo Kilimia. Penye giza, jicho la kawaida huona nyota zake sita. Wahesabu wanazoziona wao, kisha waandike tarehe, mahali na idadi.