Joker (filamu ya 2019)

Joker ni filamu ya Marekani iliyoongozwa na Todd Phillips. Joaquin Phoenix anaigiza kama Arthur Fleck, chale wa kukodiwa anayemtunza mama yake katika jiji la kubuni la Gotham, mwaka 1981, takataka zikiwa zimerundikana mitaani.

Arthur ana maradhi yanayomfanya aangue kicheko bila kutaka, hata moyo ukimuuma. Ndani ya basi, kicheko kinapomkaba, anamkabidhi abiria mwenzake kadi yenye maelezo ya kumwomba radhi. Ni onyesho fupi, lakini linaeleza aibu ya mgonjwa kuliko hotuba yoyote. Bajeti ya jiji inapokatwa, ofisi ya ustawi wa jamii inafungwa, naye anabaki bila mshauri wala dawa.

Kwenye treni ya chini ya ardhi anawaua vijana watatu waliokuwa wakimpiga, wafanyakazi wa kampuni ya tajiri Thomas Wayne. Wayne anawabeza wasiofanikiwa kuwa ni machale tu. Maskini wanajibu kwa kuvaa vinyago vya chale na kuandamana.

Filamu ililaumiwa kwa kuuhusisha ugonjwa wa akili na mauaji, na lawama hiyo ni ya haki: wagonjwa wa akili hutendewa ukatili mara nyingi zaidi kuliko wanavyoutenda.

Ilipata tuzo ya Simba wa Dhahabu katika tamasha la filamu mjini Venice. Katika Oscar za 2020, Phoenix na mtunzi wa muziki Hildur Guðnadóttir walitunukiwa.